Kaptura ya Hondohondo

Aliyeiona kwanza ni mkewe. Mzee mwenyewe alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara akimshangaa mbwa. Alikuwa mbwa wa matajiri, wa miguu mifupi na manyoya ya kuchanwa, na alikuwa amevalishwa bendera ya taifa: zambarau mgongoni, rangi ya chungwa tumboni, na yule hondohondo wa taifa, ndege mwenye mdomo kama shoka, amekaa pale pale mkia unapoanzia, hata mbwa akitikisa mkia ndege naye anapiga mbawa.

"Baba watoto, achana na mbwa wa watu," mkewe alimwita kutoka mbele ya dirisha la duka. "Njoo uniambie kama macho yangu yamezeeka."

Mzee akaja. Dirishani palijaa masanamu yasiyo na vichwa yaliyovikwa nguo za bendera: gauni la bendera, suti ya bendera, nguo za kuogelea ambazo kitambaa chake kisingetosha hata kufutia miwani. Katikati ya masanamu hayo, juu ya jukwaa dogo lenye taa zake, palikuwa na cherehani nyeusi ya kukanyaga kwa miguu. Na kwenye kikanyagio chake, upande wa kulia, kilipigiliwa kipande cha tairi.

Mzee aliweka kiganja juu ya kioo. Kile kipande cha tairi alikipigilia yeye, kwa mkono wake, alipokuwa kijana, kwa sababu mama yake alikuwa na mguu mmoja mfupi usiofika kikanyagioni bila kusaidiwa. Cherehani za dunia hii ni nyingi, lakini inayovaa kiatu ni moja.

"Macho yako mazima," alisema mwishowe. "Ni ya mama."

"Basi twende ndani tukamwone mwizi ana sura gani."

Kabla hawajaingia, turudi nyuma kidogo, maana mji ule una ugonjwa wa kusahau, na wanaouugua zaidi ni wale wenye cha kusahau.

Mzee huyu anaitwa Kaptura. Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho tu, na akiitwa kwa jina hilo hospitali huchelewa kuitika, akidhani anaitwa mtu mwingine. La Kaptura alipewa na mtaa siku aliporudi kutoka jela.

Enzi hizo alikuwa fundi wa bendera. Ofisi za serikali zilimletea vitambaa vilivyokwisha kuchapwa, yeye akavikata, akavipinda, akavitia kamba. Mara moja kiwanda kilikosea. Hondohondo, ambaye kwa kawaida huangalia mbele kule taifa linakosemekana kuelekea, alichapwa akiangalia nyuma. Kitambaa kikakataliwa, fundi akaambiwa akitupe. Akitupe wapi? Kifungua mimba wake alikuwa na kaptura moja tu, na hiyo moja makalio yalikwisha kufungua milango. Fundi akakata kitambaa kile, akamshonea mtoto. Uzi wa zambarau ukamwishia njiani, pindo akalimalizia kwa uzi wa gunia. Mtoto akatoka nje na ndege wake matakoni, akakimbia mtaa mzima akipiga kelele kama aliyerithi nyumba.

Hakufika mbali. Mkuu wa kituo cha polisi wa wakati ule, mtu wa masharubu na fimbo, alikuwa akipita. Akamshika mtoto sikio, akauliza nguo ile imeshonwa na nani, akapelekwa. Akamsimamisha fundi mlangoni pake, majirani wakiangalia, akaitamka sheria kwa sauti ya gwaride: bendera haivaliwi, haikaliwi, haikatwi, wala haishonwi kuwa kitu kingine chochote. Kisha akamgeukia mtoto, akasema neno moja.

"Vua."

Mtoto akavua. Ndani hakuwa na kingine. Aliingia nyumbani amejiziba kwa viganja, kimoja mbele, kimoja nyuma. Leo ni mwanamume mwenye watoto wake, anabeba magunia sokoni na shingo yake ni nene kama gogo, na tangu siku ile hajavaa kaptura. Hata mpira alikuwa akicheza na suruali ndefu, na wenzake walijifunza kutomuuliza.

Baba alifungwa. Alikaa ndani mvua zikanyesha, zikakatika, zikanyesha tena. Kaptura ilichukuliwa kuwa kielelezo cha kesi, na cherehani nayo ikabebwa, kwa kuwa ndiyo chombo kilichotumika kutenda kosa. Alipotoka aliifuata kituoni, akaambiwa iliteketezwa kwa moto, amri ya mahakama. Akaamini. Serikali ikikwambia kitu chako kimeungua, utaomba uonyeshwe majivu? Tangu hapo amekuwa akishonea cherehani za kuazima, asubuhi kwa jirani huyu, alasiri kwa yule, akiomba radhi kila sindano inapovunjika kama mtu aliyevunja sahani ya wenyewe.

Na sasa hiyo hapo, imepakwa mafuta, inamulikwa na taa.

Duka liliitwa Nyumba ya Uzalendo. Mwenye duka alikuwa mbunifu wa mavazi ambaye watu wa magazeti walimwita Malkia wa Bendera. Kucha zake zilipishana, moja zambarau, moja chungwa, na masikioni alining'iniza mahondohondo ya shaba. Tumpe haki yake: alikuwa mchangamfu, na aliwapokea wazee wale kwa mikono miwili, akidhani wamekuja kununua.

"Karibuni, karibuni wazee wangu! Shikamooni! Mnatafuta kitu cha sikukuu ya taifa? Tuna vizibao, tuna vilemba, tuna soksi, tuna hata aproni za jikoni."

"Aproni ya bendera?" aliuliza mke wa Kaptura. "Ya kufutia masizi?"

"Mama yangu, uzalendo unaanzia jikoni!"

"Kumbe. Wa kwetu ulianzia jela."

Mbunifu alicheka kicheko cha mtu ambaye hakusikia vizuri na hataki kurudiwa. Kaptura akanyoosha kidole dirishani.

"Binti yangu, ile cherehani."

"Aa, umeipenda! Kila anayeingia anaiulizia. Haiuzwi ile, baba. Ilikuwa ya bibi yangu, mzaa baba. Alishona maskini mpaka macho yakamfifia, ili baba apate kusoma. Mimi nimekulia miguuni pake."

"Na kile kipande cha tairi?"

"Bibi alikuwa mfupi."

"Alikuwa mfupi upande mmoja?" aliuliza mke wa Kaptura.

Mbunifu alikohoa kidogo, akawashika mikono, akawapeleka mbele ya ukuta. "Njooni niwaonyeshe kilichoanzisha yote haya. Mkikiona hiki mtanielewa."

Ukutani, ndani ya fremu ya kioo, ilining'inia kaptura ya mtoto. Zambarau na chungwa. Ndege anaangalia nyuma. Pindo la mguu wa kushoto limemaliziwa kwa uzi wa gunia. Kando yake palikuwa na picha ya msichana mdogo amevaa kaptura ile ile, amesimama juu ya kochi, amemshika mkono mwanamume wa masharubu aliyevaa sare.

"Baba aliniletea kutoka kazini," mbunifu alisema, na sauti ikamlainika kwelikweli. "Aliagiza ishonwe kwa ajili yangu. Nilikuwa siivui, nalala nayo. Na mwangalieni huyu ndege! Anaangalia nyuma. Sijui fundi alikuwa nani, lakini alikuwa na mawazo mazito. Alitaka kutuambia tusisahau tulikotoka. Ndiyo maana ndege wangu wote wanaangalia nyuma. Mpaka nje ya nchi wananijulia hapo."

Kaptura alimtazama ndege, ndege hakumtazama. Kosa la mashine ya kiwandani, lililompeleka yeye jela, limekuwa mawazo mazito.

"Na huyo fundi yuko wapi?"

"Fundi wa zamani hivyo? Atakuwa alishakufa."

"Hajafa," alisema Kaptura. "Anachechemea kwa njaa kidogo, lakini hajafa."

Akamsimulia. Hakupandisha sauti. Alimweleza kitambaa, uzi, sikio la mtoto, viganja viwili, jela, moto ambao haukuunguza kitu. Mbunifu alisikiliza na tabasamu lake likabaki usoni bila mwenyewe, kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba. Kaptura alipomaliza, mbunifu akamwambia:

"Pole sana, mzee wangu. Lakini baba yangu ni mtu wa heshima zake. Kama una malalamiko, nenda kunakohusika."

Akawapa beji moja moja ya bendera, bure, akawafungulia mlango.

Kunakohusika ni kituoni. Kituo kilikuwa kile kile kilichomla zamani, ila kilipakwa rangi mpya, na ukidhani utaona zambarau na chungwa hujakosea. Askari wa kaunta alikuwa kijana mwenye bangili ya bendera na kikombe cha bendera.

"Afande, nina swali dogo," Kaptura alisema. "Ile sheria inayokataza kuvaa bendera ipo au imekufa?"

"Sheria haifi, mzee."

"Basi nyanyuka ukakamate. Mji mzima umeivaa. Kuna mpaka mbwa. Tuanze na wewe hapo mkononi."

Askari aliisukuma bangili ndani ya mkono wa shati. "Hili ni pambo tu."

"Na kaptura ya mtoto ilikuwa nini, bunduki?"

"Mzee, hayo ya zamani mimi sikuwepo."

"Sawa. Basi tuseme imekufa. Nirudishieni cherehani yangu mliyoichukua kwa sheria hiyo."

"Nimekwambia haijafa."

"Basi kamata."

"Mzee, unanizungusha."

"Mimi mmenizungusha tangu nina meno yote," alisema Kaptura. "Wewe umezungushwa tangu ulipokunywa chai, umeshaona kizunguzungu?"

Kijana hakuwa mbaya. Alimsogelea, akapunguza sauti. "Nikushauri kama mzazi wangu. Kwa serikali, cherehani yako iliungua. Iliyoko dirishani ni nyingine. Una lolote la kuonyesha kuwa ni yako?"

"Nina mama mwenye mguu mfupi."

"Yuko wapi?"

"Kaburini."

"Basi hatusaidii. Serikali imewahi kutamka mahali popote kwamba cherehani ile ni mali yako?"

Kaptura alifikiri. "Siku iliponifunga," alisema. "Hapo tu."

Nyumbani alimsimulia mkewe maneno hayo kwa uchungu, ameketi kwenye kizingiti. Mkewe alikuwa akichambua maharage kwenye ungo, na aliendelea kuchambua mpaka mwisho wa habari.

"Kwa hiyo," alisema, "wakati pekee walipokubali kuwa ni yako ni ulipokamatwa nayo."

"Ndiyo."

"Basi kamatwa nayo tena."

Kaptura akamtazama kuona kama anatania. Hakuwa akitania. Alikuwa anatupa jiwe.

"Umri huu, mama watoto?"

"Kwani jela wana sherehe ya wastaafu? Wakikukamata nayo wataibeba. Wakiibeba watauliza ni ya nani. Watasema ni ya nani? Ya bibi mfupi upande mmoja? Tena safari hii wakuhukumu vizuri, kwa kuwa wakikutia hatiani wewe, itabidi wajenge jela ya kutosha mji mzima."

Kwa hiyo Kaptura alirudi Nyumba ya Uzalendo amevua kofia. Alisema amefikiri, ameona yaliyopita yamepita, hataki ugomvi na watu wakubwa. Anaomba jambo moja tu: siku ya uzinduzi wa mavazi mapya, akae pale kwenye cherehani ashone mbele ya wageni, kwa heshima ya huyo bibi. Mbunifu alipumua kama mtu aliyetolewa mwiba. Alishayaona magazeti ya kesho yake: mzee mnyenyekevu, cherehani ya kale, vitambaa vya taifa.

"Vizuri sana, baba! Ila uvae nguo zako za zamani zamani. Zilizochakaa kidogo."

"Hilo lisikutie wasiwasi," alisema Kaptura. "Sina zingine."

Siku ya uzinduzi barabara ilifungwa, na zulia la zambarau likatandikwa juu ya mashimo ambayo halmashauri iliahidi kuyaziba tangu enzi za mabasi ya mbao. Wakubwa walikaa kivulini. Kulikuwa na kofia za bendera, viatu vya bendera, mama mmoja mwenye hondohondo mzima kichwani, wa manyoya, aliyewazuia watu safu ya nyuma kuona chochote. Askari wa kaunta alipangwa kulinda, pamoja na mwenzake. Juu ya mlango wa duka ilipepea bendera yenyewe, ile halisi, ya mlingoti. Cherehani ilitolewa nje na kuwekwa jukwaani, na Kaptura akawekwa nyuma yake.

Baba wa mbunifu, mkuu wa kituo mstaafu, ndiye aliyefungua. Masharubu yalikuwa pale pale, yamepakwa rangi nyeusi. Alivaa kizibao cha bendera kilichombana tumbo hata ndege akaonekana ana mimba. Akahutubia. Akamlilia mama yake. Akasema cherehani ile ilimsomesha, na kwamba yeye na mwanawe wameilinda heshima ya bendera maisha yao yote. Watu walipiga makofi, wengine wakajifuta macho kwa leso za bendera, na puani pia.

"Na sasa," mbunifu akatangaza, "fundi wetu wa kale atatushonea kitu kidogo!"

Kaptura alisimama. Hakugusa vitambaa vya mauzo alivyowekewa. Alikwenda mlangoni, akafungua kamba, akaishusha ile bendera ya mlingoti, akaitandaza mezani, akachukua mkasi. Mkasi ukaingia kwenye zambarau, ukatoka kwenye chungwa, na sauti yake ilisikika mpaka safu ya nyuma.

Mbunifu alibaki mdomo wazi. Kisha akawatazama wageni, nao wakamtazama yeye wajue wafanye nini, na katika woga wake akafanya kosa ambalo mtu wa kazi yake tu angelifanya: alipiga makofi. Basi wote wakapiga makofi. Wakadhani ni sehemu ya maonyesho.

"Ubunifu wa hali ya juu," alisema yule mama wa manyoya.

Kaptura aliketi. Akaweka mguu kwenye kipande cha tairi, na cherehani ya mama yake ikaitika mara moja, kwa ule mlio wake wa kutafuna, kana kwamba walikuwa wameachana jana. Akaunganisha miguu ya kaptura, akatia kiuno, akapinda. Pindo alilimalizia kwa uzi wa gunia alioutoa mfukoni. Akainua juu kaptura ya mtoto, iliyoshonwa kwa bendera halisi ya taifa, mchana kweupe, mbele ya polisi.

Wakampigia makofi wamesimama.

Akamtazama askari wa kaunta. Askari naye alikuwa akipiga makofi.

"Jamani, amekata bendera!" mkewe akapaza sauti kutoka kwenye umati. "Hamuoni? Amekata bendera ya taifa!"

"Tumeona, bibi, amependeza!" mtu akamjibu.

Mkono ule ule, cherehani ile ile, kosa lile lile, na wanamshangilia. Kumbe siku hizi hata kufungwa lazima ujuane na watu.

Ndipo akateremka jukwaani, kaptura mkononi, akaenda mpaka alipoketi mkuu wa kituo mstaafu.

"Afande, unaikumbuka?"

"Sikufahamu, mzee. Rudi kwenye nafasi yako."

"Ile nyingine ilikuwa ndogo kuliko hii. Ulimvua mwanangu barabarani, ukaenda kumvalisha mwanao. Iko ndani humo, kwenye kioo. Mimi ndiye niliyefungwa kwa ajili yake."

Makofi yakakatika. Simu zikainuliwa. Mbunifu akaanza kuja mbio kwa viatu visivyokubali mbio. Na Kaptura akamtazama yule mzee kizibao chake, akasema neno lile moja alilolibeba kifuani miaka yote, kwa sauti ile ile aliyolisikia.

"Vua."

Mtu akacheka nyuma. Mwingine akamfuata. Kicheko kikapita safu kwa safu mpaka kwa wakubwa, na mkuu wa kituo mstaafu, ambaye hajawahi kuchekwa na kundi la watu bila kuwa na fimbo, alipeleka mkono kiunoni kutafuta fimbo, akaikosa, akaruka wima.

"Kamata huyu! Kamata! Amekata bendera ya taifa! Sheria inasema bendera haikatwi, haishonwi, haival..."

Neno likamkwama. Macho ya watu wote yalikuwa yametoka mdomoni mwake na kushukia tumboni, kwa ndege mjamzito.

"Baba, nyamaza," mbunifu alinong'ona, lakini amri ilikwisha kutoka, na askari wakisikia sauti ya namna ile miguu huwatangulia akili. Wakaja. Mkubwa mmoja akavua koti akalikalia. Mwingine akaanza kugeuza kofia nje ndani. Yule mama wa manyoya akainama kabisa chini ya kiti, yeye na ndege wake. Sheria iliyolala usingizi mbele ya mbwa, nguo za kuogelea na soksi ilikuwa imeamka ghafla, kwa sababu fukara alifungua mdomo.

"Tunamchukua mtuhumiwa," alisema askari wa kaunta, jasho likimtoka, bangili ikimcheza ndani ya shati. "Na mkasi. Na kaptura. Na cherehani."

"Cherehani hamchukui!" mbunifu alipiga kelele.

"Ni chombo kilichotumika kutenda kosa, mama. Ni ya nani? Mwenye chombo naye anahusika. Ni ya kwako?"

Bibi yake alikuwa tayari mdomoni, anataka kutoka. Mbunifu aliziangalia simu zilizoinuliwa. Aliangalia duka lake, masanamu, magari ya wakubwa yanayoanza kuwashwa. Akammeza bibi.

"Si ya kwangu."

"Baba yako alituambia sasa hivi..."

"Si ya kwangu wala ya baba. Ni ya huyu mzee. Ilikuwa ya mama yake."

"Una hakika?"

"Hebu angalia kikanyagio," alisema mbunifu, akakilenga kwa kucha ya chungwa. "Kina tairi. Mama yake alikuwa na mguu mfupi."

Askari akamgeukia Kaptura. Kaptura akanyoosha mikono yake miwili kwa uchangamfu wa mtu anayekwenda kuvishwa saa mpya.

Alilala mahabusu akikoroma. Kesi haikuwa ndefu. Shahidi mkuu, yule mstaafu, alipata ugonjwa ambao daktari wake hakuweza kuutaja. Hakimu alivaa tai ya bendera ndani ya joho lake na kila alipoinama ilichungulia, akairudisha kwa kidole, ikachungulia tena. Alipomuuliza mshtakiwa kama ana la kusema, Kaptura alisema anakubali sheria yote, neno kwa neno, na anaiomba mahakama imhukumu yeye kwanza kisha iwaite waliobaki kwa zamu, na kwamba yuko tayari kuonyesha wa karibu zaidi. Hakimu akaishika tai yake kwa mkono mzima. Akasema maneno mengi ya kisheria yaliyopita juu ya vichwa vya watu kama ndege ya abiria, na yaliyotua chini yalikuwa haya: mshtakiwa yuko huru, na kielelezo kirudishwe kwa mwenyewe.

Kifungua mimba ndiye aliyekwenda kuichukua. Aliibeba begani, mtu mzima na cherehani yake, akapita nayo katikati ya barabara ile ile, na hakuwa na haraka. Mtaani walitoka milangoni. "Kaptura! Kaptura!" watoto walimwimbia mzee aliyefuata nyuma, na mara hii aliitikia kila mmoja.

Nyumbani ikawekwa karibu na dirisha, mkewe Kaptura akaifuta mafuta yote ya maonyesho. Kifungua mimba alikaa juu ya stuli, akaangalia gurudumu likizunguka tupu, akajikuna shingo yake nene.

"Baba."

"Sema."

"Nishonee kaptura."

Kaptura hakuinua kichwa, alikuwa anatunga uzi kwenye sindano na uzi umekataa kuingia. "Rangi gani?"

"Yoyote. Isiwe na ndege tu."

Nyumba ya Uzalendo haikufungwa, usijidanganye. Mauzo yalipanda. Sheria nayo ipo, haijaguswa, imelala tena ubavuni mwa wakubwa ikisubiri maskini mwingine. Fremu bado iko ukutani, na mbunifu huwaambia wageni kwamba fundi aliyeishona ni rafiki wa familia. Dirishani, pale kwenye jukwaa na taa, wameweka cherehani nyingine, ya mkono, yenye maua ya dhahabu ubavuni. Hiyo nayo ilikuwa ya bibi. Safari hii, mzaa mama.